Mwongozo kamili: fukwe tulivu na matamasha ya taa kaskazini mwa Japani, wiki ya kwanza ya Agosti

Anayekwenda Japani mwezi wa Agosti akabaki Tokyo na Kyoto atakutana na joto zito lenye unyevu, foleni kwenye mahekalu, na fukwe za karibu na jiji ambako watu wamebanana. Ushauri wangu ni kupanda kaskazini hadi Tohoku, sehemu ya juu ya kisiwa kikuu cha Honshu, na hasa mkoa wa Aomori. Kati ya tarehe 31 Julai na 8 Agosti, mji baada ya mji huko unafanya tamasha lake kubwa la mwaka. Ukitoka kwenye ngoma hizo ukapanda treni, unafika pwani ambako asubuhi nzima utaiona familia moja moja ya wenyeji ikija na mkeka wake.

Ninayoyaandika hapa ni mpango wa safari moja: Hachinohe upande wa mashariki, Fukaura upande wa magharibi, kisha Aomori mjini kwa usiku wa mwisho wa Nebuta, tamasha la masanamu makubwa ya taa. Unaweza kuupunguza, lakini usibadili mpangilio wake bila sababu, kwa kuwa tarehe ndizo zinazoongoza kila kitu.

Kalenda kwanza, ndege baadaye

Matamasha haya hayahamishwi kufuata wikiendi. Hachinohe Sansha Taisai ni 31 Julai hadi 4 Agosti. Hirosaki Neputa ni 1 hadi 7 Agosti. Aomori Nebuta ni 2 hadi 7. Kanto ya Akita ni 3 hadi 6, Goshogawara Tachineputa ni 4 hadi 8, na Tanabata ya Sendai ni 6 hadi 8.

Kubanana huku kuna chanzo chake. Mengi kati ya matamasha haya yanahusishwa na Tanabata, sikukuu ya siku ya saba ya mwezi wa saba kwa kalenda ya zamani, na desturi ya wakulima ya kufukuza uzito wa usingizi na maradhi ya majira ya joto kabla ya mavuno. Watu walichukua taa na vitu vya kuondolea nuksi, wakaviachia mtoni au baharini viende zao. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini usiku wa 7 Agosti masanamu ya taa ya Aomori hupakiwa kwenye majahazi na kupitishwa ghubani, na kwa nini napendekeza safari inayochanganya ngoma na bahari. Huku vitu hivyo viwili vimeshikana tangu zamani.

Sasa kosa la kuepuka: kutaka kuona yote sita. Inawezekana kwa treni, lakini utaishia kuwaona watu wenye haraka kama wewe kwenye vituo vya reli. Chagua mawili, ukiwa na nguvu matatu, na katikati yake weka siku mbili za bahari. Nimechagua Hachinohe na Aomori kwa kuwa zinatofautiana sana na ziko kwenye reli moja.

Viza na tiketi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza kabla ya kusafiri. Maombi hupelekwa ubalozi wa Japani katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo Mtanzania anayefanya kazi Muscat au Dubai haombi Dar es Salaam, anaomba huko huko. Watakutaka ratiba ya siku kwa siku yenye mahali pa kulala, uthibitisho wa fedha, na nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Viza ya kuingia mara moja kwa kawaida hudumu miezi mitatu tangu kutolewa, hivyo ukiomba mapema mno itaisha kabla ya Agosti. Mei mwishoni hadi Juni ni wakati mzuri. Ratiba yenye majina ya miji na tarehe za matamasha, kama hii, inaonyesha wazi unakwenda kufanya nini.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wengi hupitia Doha au Dubai, au Addis Ababa na Seoul hadi Narita.

Ukishafika Tokyo, panda treni ya mwendokasi iitwayo Hayabusa. Tokyo hadi Hachinohe ni chini ya saa tatu, na hadi Shin-Aomori ni kama saa tatu. Viti vyote vya Hayabusa ni vya kuwekewa nafasi, nazo hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari, saa nne asubuhi kwa saa za Japani. Kwa saa za Dar na Nairobi hiyo ni saa kumi alfajiri. Amka. Wiki hii ya Agosti viti vya saa nzuri havikai. Kampuni ya reli ya JR East huuza pasi za siku kadhaa kwa wageni kutoka nje. Piga hesabu ya safari zako zote kwanza, kisha ulinganishe na bei ya pasi ya mwaka huo kabla ya kununua.

Dawa nazo ni za kuangaliwa. Baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoephedrine, ambazo huku tunazinunua dukani kama peremende, zimekatazwa kuingizwa Japani. Soseji, nyama kavu na vyakula vyote vya nyama viache nyumbani.

Vitanda

Hapa ndipo safari nyingi hukwama. Hoteli za Aomori mjini kwa tarehe 2 hadi 7 hujaa miezi kabla, na zinazobaki hupandisha bei vibaya sana. Weka nafasi mara tu unapoamua kwenda, kabla hata ya viza, ukichagua hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo. Ukikosa, usikate tamaa. Lala Hachinohe au Hirosaki. Au tafuta Asamushi Onsen, kijiji cha maji moto kilichoko ukingoni mwa ghuba ya Aomori, karibu dakika ishirini kwa treni ya kawaida kutoka stesheni ya Aomori. Kina ufukwe mdogo wa mchanga mbele yake, na kwa maoni yangu ni mahali bora kuliko hoteli ya mjini, kwa sababu unaoga baharini asubuhi na kwenda kwenye ngoma jioni.

Tarehe 1 hadi 3 Agosti: Hachinohe

Sansha Taisai ni tamasha la mahekalu matatu ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, na lilianza mwaka 1721. Mwaka 2016 liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO pamoja na matamasha mengine ya magari ya mapambo ya Japani. Mitaa ya mji huunda magari makubwa, jumla 27, yaliyojaa masanamu ya mashujaa, majoka na mawimbi. Jambo la kustaajabisha ni ufundi wake: gari hutoka likiwa limekunjwa, kisha likifika penye nafasi hupanda juu na kufunguka mbavuni hadi kufikia urefu wa mita kumi hivi, huku watoto wamekaa mbele wakipiga ngoma.

Tarehe 1 maandamano huanza saa tisa alasiri, na ndiyo siku ya kuona mapadri, farasi na vibebeo vitakatifu vya mahekalu vikipita na magari. Tarehe 2 ni usiku, taa zikiwa zimewashwa. Mtu wa usiku mmoja tu achague huo. Mchana wa tarehe 2, katika hekalu la Chojasan Shinra, kuna mchezo wa kale wa mpira wa farasi uitwao dakyu, ambao umebaki sehemu chache sana nchini Japani. Usiukose.

Asubuhi ni ya pwani. Treni ndogo ya Hachinohe Line hufuata ukingo wa bahari. Shuka Same utembee hadi Kabushima, kilima chenye hekalu juu yake, maarufu kwa shakwe wanaotaga hapo kwa maelfu. Mwanzoni mwa Agosti wengi huwa wameshaondoka na vifaranga wao, hivyo nenda kwa ajili ya hekalu na mandhari. Kutoka hapo kuna njia ya miguu kuelekea kusini kwenye pwani ya Tanesashi, ambayo ni mwanzo wa Michinoku Coastal Trail, njia ya zaidi ya kilomita elfu moja iliyokamilika mwaka 2019. Utapita miamba, utashuka Osuka, ufukwe mrefu wenye mchanga unaolia chini ya nyayo ukiwa mkavu, utapita Shirahama, na mwishowe utafika Tanesashi penyewe, uwanda wa nyasi za asili unaoteremka hadi majini. Kwa mwendo wa kupumzika ni nusu siku. Beba maji.

Kuogelea upande huu kunategemea bahati. Mkondo wa baridi wa Pasifiki hupita karibu, na katika majira ya joto huvuma upepo wa kaskazini-mashariki wenye ukungu, wenyeji wanauita yamase, ambao unaweza kukufanya utafute sweta tarehe 2 Agosti. Shirahama ndiko kwenye eneo la kuogelea. Osuka ni kwa kutembea.

Ukiwa Hachinohe siku ya Jumapili, amka kabla ya jua uende soko la gati la Tatehana. Wachuuzi hupanga meza mamia kwenye gati, samaki wa kuchoma, mboga, mikate, supu. Ifikapo saa tatu asubuhi wanafunga. Jua hutoka kama saa kumi na nusu alfajiri, hivyo usishangae kukuta watu tele wakati kwenu bado ni usiku.

Tarehe 4 na 5: bahari ya magharibi

Kutoka Hachinohe panda Hayabusa hadi Shin-Aomori, kisha ingia kwenye Gono Line. Reli hii ina kilomita 147, inaanzia karibu na Hirosaki na kushuka hadi mkoa wa Akita, na kwa sehemu kubwa bahari iko mita chache tu kutoka dirishani, milima ya Shirakami ikiwa upande wa pili. Treni ya kitalii iitwayo Resort Shirakami hupita humo mara chache kwa siku, viti vyote vya kuwekewa nafasi. Omba kiti cha upande wa bahari. Treni za kawaida ni chache pia, na ukiikosa moja unaweza kusubiri saa kadhaa kwenye stesheni isiyo na duka. Ratiba ya Gono Line iandike kwenye karatasi, uichukulie kama amri.

Simama Senjojiki. Ni sakafu kubwa ya mwamba iliyoinuliwa kutoka chini ya maji na tetemeko la ardhi la mwishoni mwa karne ya kumi na nane, na baadhi ya Resort Shirakami husimama hapo robo saa ili abiria washuke. Dereva hupiga honi kabla ya kuondoka. Mimi nisingetosheka na robo saa. Fika na treni ya kawaida, kaa hadi inayofuata.

Lala Fukaura. Mji huu ni wa wavuvi, wenye nyumba za wageni za kifamilia ambako chakula cha jioni ni samaki wa siku ile. Katika rasi ya Koganezaki kuna Furofushi Onsen, nyumba ya wageni yenye beseni la maji moto ya rangi ya kutu, kwa ajili ya madini ya chuma, lililojengwa juu ya miamba hatua chache kutoka kwenye mawimbi. Kuna la wanaume na wanawake pamoja na lingine la wanawake peke yao. Jua linazama mbele yako baharini, lakini saa ya machweo ni ya waliolala hapo. Wapita njia huingia mchana. Sheria za maji moto ni zile zile kila mahali: oga kwa sabuni kwanza kwenye bomba la pembeni, taulo isiingie ndani ya maji, na mwenye chale za mwili aulize kabla.

Kwa kuogelea, pwani hii ndiyo yako. Mkondo wa joto kutoka kusini hupita hapa, na ukungu wa Pasifiki hauvuki milima. Kuna jambo litakalomshangaza mtu wa Unguja, Tanga au Lamu: maji hayapwi. Sisi tumezoea bahari kukimbia mbali na kurudi, tofauti ya mita tatu hadi nne wakati wa bamvua. Katika Bahari ya Japani tofauti ni ya makumi machache ya sentimita. Hakuna kusubiri maji yajae, na ulipoweka mkeka asubuhi ndipo utakapoukuta jioni. Lakini hilo lisikudanganye ukadhani bahari imelala. Upepo ukibadilika, mawimbi hupanda ghafla, na penye miamba kuna mikondo inayovuta kuelekea kilindini.

Kwa hiyo oga pale tu palipofunguliwa rasmi. Maeneo ya kuogelea ya kaskazini hufunguliwa kuanzia Julai na mengi hufungwa katikati ya Agosti, na ni katika kipindi hicho tu ndipo kuna waokoaji, maboya ya mpaka, bafu za maji baridi na vyoo. Baada ya Obon, siku za kuwakumbuka marehemu zinazoangukia karibu tarehe 13 hadi 16, Wajapani wengi huacha kuingia baharini. Konyeza nao huwa wameongezeka. Hiyo ni sababu nyingine ya kusafiri wiki ya kwanza.

Hili la mwisho kuhusu bahari litie moyoni. Pwani ya mashariki ya Tohoku ndiyo iliyopigwa na tsunami ya 11 Machi 2011. Ukisikia ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, toka majini usingoje tangazo, acha vitu vyako, panda mahali pa juu, na usirudi hadi uambiwe. Kwenye fukwe, bendera yenye miraba miwili myekundu na miwili myeupe ikipeperushwa maana yake ni tahadhari ya tsunami. Ilianza kutumika mwaka 2020 ili hata viziwi na walio mbali majini waione. Kila ufikapo ufukweni tafuta kwanza kibao cha njia ya kukimbilia, kisha ndipo uvue viatu. Namba za dharura: 118 kwa walinzi wa pwani, 119 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi.

Tarehe 6 na 7: Nebuta, nawe ndani yake

Nebuta ni sanamu kubwa ya taa, ya waya na mbao iliyofunikwa karatasi ya washi na kupakwa rangi. Inafika mita tisa kwa upana na mita tano kwenda juu, gari lake likihesabiwa. Mafundi wake hutumia karibu mwaka mzima kuchora na kujenga, na kwa muda mrefu walikuwa wanaume watupu hadi Kitamura Asako alipotengeneza Nebuta yake kubwa ya kwanza mwaka 2012. Mchana wa tarehe 6 tembelea jumba la Wa Rasse karibu na stesheni, uone sanamu kwa karibu na ujifunze ngoma, filimbi na matoazi ya shaba.

Kisha fanya kinachofanya Nebuta iwe tofauti na matamasha mengine: ingia. Wachezaji wanaorukaruka kwa mguu mmoja mmoja mbele ya sanamu huitwa haneto, na mgeni yeyote anaweza kuwa haneto mradi amevaa vazi kamili. Soma tangazo la waandaaji la mwaka huo, kisha ukodi vazi mjini. Maduka kadhaa hukodisha na hukuvalisha. Kuna kofia ya maua, yukata (joho jepesi la pamba), mshipi, kitambaa cha rangi kiunoni, soksi nyeupe za kidole na kandambili za kufungwa kwa kamba ili zisichomoke. Upande wa kushoto wa yukata ukae juu ya wa kulia. Kinyume chake ni mavazi ya maiti. Vikengele vidogo hushonwa kwenye nguo, na kikianguka, anayekiokota huhesabiwa amepata baraka, hivyo usihangaike kukitafuta.

Fika kwenye kundi unalolipenda kabla ya kuanza, yapata saa kumi na mbili jioni, usimame na wachezaji wengine. Maandamano huanza karibu saa moja na kuisha saa tatu usiku. Mmoja huita "Rassera", wote wanajibu "Rassera, rassera". Ruka mara mbili kila mguu. Baada ya dakika kumi mapaja yatawaka, ndipo utakapoelewa kwa nini watu hutoka pembeni kupumua na kurudi. Mtu aliyelelewa na ngoma za harusi zetu atauingia mdundo ule upesi.

Asiyetaka kucheza anaweza kununua kiti mapema au kutandika mkeka kando ya barabara bila malipo. Usiguse sanamu, usikatize mbele ya anayeliongoza gari kwa upepeo, na takataka zako ondoka nazo, kwani mapipa barabarani ni machache sana.

Tarehe 7 mambo hubadilika. Maandamano ni saa saba mchana, chini ya jua, hivyo jioni iliyotangulia ndiyo ya kuchezea. Usiku Nebuta zilizoshinda hupanda majahazi na kupita ghubani huku fataki zikirushwa juu yake. Viti vya gatini huuzwa. Bila kiti, tafuta nafasi ukingoni mwa maji kuanzia alasiri.

Chakula na swala

Samaki ni wengi na wazuri: hotate (jamii ya chaza) wa Aomori, ngisi na makreli wa Hachinohe. Sokoni Furukawa mjini Aomori unanunua tiketi, unapewa bakuli la wali, unazunguka meza ukichagua vipande vya samaki. Kwa Mwislamu tatizo halipo kwenye samaki, lipo kwenye mchuzi, kwa kuwa pombe ya kupikia, mirin na sake, huingia katika vyakula vingi, na supu za tambi mara nyingi ni za nguruwe. Chagua samaki wa kuchoma kwa chumvi, na beba sentensi hii, yenye maana kwamba nyama ya nguruwe na pombe hazifai: "Buta niku to arukooru wa dame desu." Nyumba ya wageni iandikie siku unapoweka nafasi, maana jikoni zao hupanga mapema. Kibla ni magharibi, ukielekea kidogo kaskazini. Alfajiri ya Agosti huko huingia mapema mno, kabla ya saa tisa na nusu usiku, hivyo tumia programu ya simu yenye nyakati za mji husika.

Fedha taslimu za yeni ziwe mfukoni, hasa Fukaura, na mashine za kutolea pesa zinazokubali kadi za nje hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya 7-Eleven, ila si kila kijiji kina duka hilo. Toa za kutosha ukiwa Hachinohe.

Kuondoka

Fataki zikiisha karibu saa tatu usiku, treni ya mwisho ya mwendokasi kwenda Tokyo huwa imeshaondoka. Lazima ulale tena, na kitanda hicho cha tarehe 7 ndicho watu husahau kukiweka. Rudi Tokyo asubuhi ya tarehe 8. Au, ukiwa na siku moja ya ziada, weka mizigo kwenye kabati la stesheni na uende Goshogawara, ambako tarehe 8 ndiyo usiku wa mwisho wa Tachineputa. Sanamu zake husimama mita 23, juu ya paa za mji wote, na ngoma zake huanza jioni yapata saa moja.